Mbogi ya Gambuti

Kila klabu ya mazingira iko na ile picha. Wasee ishirini wametokelezea na tisheti mpya za kijani, katikati kuna mgeni wa heshima na suti yake, na mikono kumi imeshikilia mche mmoja kama wanabatiza mtoto. Kamera inalia, makofi yanapigwa, soda zinafunguliwa, mat ya kukodi inarudi tao. Pitia hapo baada ya miezi tatu. Utapata kijiti kimeparara na mbuzi imesimama kando, haina habari na mgeni wa heshima. Hiyo inaitwa kuuza sura, na mi nimeichoka. Hii stori ni ya mbogi ingine, wale wenye gambuti zao zimetoboka, wanajua jina ya mathe mwenye anauza maji hapo kwa kona, na wakianza kubonga mambo ya tabianchi mtaa hausinzii.

Kwanza tuwekane sawa. Hizi klabu hazikuletwa na simu. Mwaka wa 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, na tangu hapo ukipitia sekondari yoyote hukosi kupata msee mwenye alienda kuona simba na basi ya shule, mkate mkononi, shati limejaa vumbi. Siku hizo stori ilikuwa ndovu na kifaru. Halafu 1977 Wangari Maathai akaleta Green Belt Movement, na yeye hakuanza na wanyama wa watalii. Alianza na wamama wenye walikuwa wanatembea mbali wakitafuta kuni na maji. 1989 akakaa ngumu mpaka ile ghorofa 60 yenye ilikuwa isimame Uhuru Park ikakufa kwa karatasi. Januari 1999 akapigwa na magoons pale msitu wa Karura, akiutetea, mpaka damu ikamtoka kichwani. 2004 akaletewa Nobel ya Amani.

Watu wanakumbuka miti yake, sawa. Kitu wanasahau ni kwamba hiyo 1999 macomrade wa chuo waliingia barabarani juu ya Karura. Walikula vitoa machozi juu ya msitu, si juu ya loni ya HELB wala chakula ya mess. Na leo wewe ukienda Karura na manzi wako kutembea Jumapili, mnalipa kiingilio mnapiga picha kwa maporomoko, hiyo sherehe yenu kuna mtu alipigwa rungu ndo mkaipata.

Halafu kuna Kenyatta University. Hapo kuna klabu ya mazingira inaitwa KUNEC, na mwenyekiti wake wakati mmoja alikuwa Elizabeth Wathuti. 2016 akaanzisha Green Generation Initiative, kazi yake ikiwa kupanda miti ya matunda kwa shule ndo watoto wapate kivuli na kitu ya kumanga pamoja. 2021 alikuwa Glasgow, COP26, amesimama mbele ya marais akiwaambia venye watu wa kwao wanalala njaa juu ya ukame. Kwa hivyo msee akikushoo klabu ya chuo ni ya wasee wamekosa kazi ya kufanya Ijumaa jioni, mwambie apunguze mdomo.

Klabu yenye mi nimekuwa nikiifuata iko kwa chuo moja kando ya Thika Road. Sitaitaja, juu wenyewe walinishoo hawatafuti kiki. Wako kedo arobaini kwa karatasi, na kwa ground Jumamosi asubuhi utapata kumi na kitu. Ni vile tu. Ijumaa ilikuwa refu.

Siku moja walishuka Mathare, karibu na mto. Mpango ulikuwa kuchanua watu wa mtaa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kuna morio wa mwaka wa pili, ameiva kwa vitabu, akafungua chati akaanza: kaboni dayoksaidi, viwanda, nyuzi joto, karne ya kumi na tisa. Watu walimskiza venye mtu huskiza tangazo la mochari kwa redio. Dakika kadhaa zikapita. Mathe mmoja mwenye alikuwa anakata sukuma akaweka kisu chini.

"Kijana yangu, mi nilitolewa na maji usiku. Mtoto mgongoni, mtungi wa gesi mkononi. Sasa hiyo kaboni yako ilikuwa wapi tukipiga nduru?"

Kimya. Watu wakacheka, lakini si kicheko ya kuchekesha. Morio akabaki ameshikilia chati. Mwenye aliokoa hiyo siku ni mresh mmoja, mweka hazina wa klabu, mzaliwa wa Kayole. Alikuja akachuchumaa hapo kando ya hiyo meza ya sukuma, akachukua fungu akaanza kuchambua majani, akauliza tu: "Pole sana mathe. Na ukiwa mdogo, mvua ilikuwa inanyesha hivi?"

Na hapo ndo stori ikaanza. Mathe akasema kwao ushago walikuwa wanajua siku ya kupanda mahindi bila kuuliza redio. Mzee wa viatu akasema huu mto alikuwa anauvuka na ndala. Dere wa tuktuk akasema siku hizi jua inachoma miezi halafu mvua inashuka yote wiki moja. Buda mwingine akaleta stori ya ng'ombe za shemeji yake Kajiado. Kila mtu alikuwa na kipande yake ya hii kitu. Hakuna mtu alikuwa anahitaji kuambiwa hali ya hewa imebadilika. Walikuwa wanahitaji mtu wa kuwaunganishia hizo vipande. Tangu hiyo siku klabu iliweka sheria: hakuna msee anafungua chati kabla ajue mvua ya mwisho ilimfanyia nini mwenye anaongea naye.

Na uunganisho wenyewe si uchawi. Tukichoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, hewa inajaa kaboni yenye inashikilia joto isitoke. Kabla ya viwanda, kwa kila chembe milioni za hewa, kaboni dayoksaidi ilikuwa kama 280. Saa hii imepita 420. Dunia imeshapanda zaidi ya nyuzi moja. Unaweza sema nyuzi moja ni nini bana, hata koti huwezi toa. Lakini hewa ikipanda nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kama asilimia 7. Kwa hivyo inafyonza maji kwa shamba ya shosho yako haraka, inakaa nayo juu, na siku ikiamua kuachilia haiangalii nani ako na paa na nani hana. Ukame na mafuriko ni mapacha wa mathe mmoja. Ndo maana kutoka mwisho wa 2020 mpaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikataa mfululizo, mifugo zaidi ya milioni mbili na nusu wakaanguka huko kaskazini, na kabla watu wapumue, mwisho wa 2023 na tena Aprili 2024 tukawa tunaogelea. Wanasayansi wenye walipima huo ukame walisema bila hili joto la dunia, uwezekano wake ungekuwa mdogo mara mia.

Sasa swali yenye kila msee wa mtaa anauliza, na ni swali poa: hii moto ni nani aliwasha? Jibu halifichiki. Afrika yote pamoja inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia. Kenya peke yake hatufiki hata asilimia moja. Stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo. Ukienda Loiyangalani kuna pangaboi 365 zinazunguka kwa jangwa. Yaani msee wa Mathare mwenye anawasha balbu moja na redio analipia sherehe yenye hakualikwa. Septemba 2023 marais wa Afrika walikuja hapa KICC kwa mkutano wa tabianchi wakatoa Azimio la Nairobi, wakidai wenye walichafua watoe ganji. Mwaka moja kabla, huko Sharm el-Sheikh, dunia ilikuwa imekubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu. Ganji yenyewe inakuja kwa mwendo wa kinyonga, lakini angalau deni imeandikwa.

Klabu zingine huishia hapo. Wanalaumu mzungu, wanaimba kidogo, wanarudi kejani. Hii mbogi ya Thika Road ilifanya kitu nikaheshimu: walikataa kuishia hapo. Juu kuna ukweli mwingine, na unanuka.

Tarehe 29 Aprili 2024, usiku, maji ilishuka Mai Mahiu ikabeba nyumba, magari na watu zaidi ya 40. Mwanzo watu walisema ni bwawa imepasuka. Baadaye serikali ikasema ilikuwa mtaro wa chini ya reli, huko Old Kijabe, ulikuwa umezibwa na takataka, matope na mawe. Maji ikajikusanya nyuma yake mpaka ikashinda. Mvua ilitoka juu, na hiyo si yetu peke yetu. Mtaro ulikuwa wa hapa nyumbani. Msimu huo nchi nzima tulizika karibu watu 300, shule zikachelewa kufunguliwa mpaka Mei, na huko Mathare, wenye nyumba zao ziliwachwa na maji zikaja zikabomolewa na tingatinga, juu zilikuwa ndani ya mita 30 ya mto.

Hiyo ya tingatinga iligawanya klabu vibaya. Wengine walisema sheria ya mto ni sheria, kukaa hapo ni kukaa kwa mdomo wa mamba. Wengine wakauliza, sasa hawa watu waishie wapi, Runda? Walizozana mpaka mlinzi akakuja kuzima taa za darasa. Mi naona hivi: mto unahitaji nafasi yake, hiyo sibishi. Lakini kuambia familia ihame usiku kwa mvua bila kuishoo pa kwenda si kulinda mazingira. Ni kufukuza maskini kwa lugha tamu. Na nimegundua hakuna mtu hubonga hiyo lugha kwa wenye maghorofa yao yamekanyaga mito huko upande wa juu.

Basi wakaamua kuanza na mtaro. Si mto mzima, mtaro tu mmoja, ile ya kando ya stage, kama hatua sitini hivi. Nilikuja na njumu safi nikajuta. Kufukua mtaro haina luku. Unaingiza jembe la meno, unavuta, na kitu inakataa kutoka halafu inatoka yote mara moja na harufu yenye inakugonga machoni. Zilitoka pampasi, chupa za soda, nywele za bandia, suruali ya jinzi, nusu godoro, kiatu cha mguu wa kushoto, na karatasi za nailoni. Hizo karatasi ndo zilinishangaza. Zilipigwa marufuku 28 Agosti 2017, faini inaweza fika milioni nne au jela miaka minne, na bado ziko huko chini, nyeusi, zimelala tu. Zingine ni za zamani hazijaoza. Zingine zilikuwa mpya kabisa, zile nyembamba za kupitishwa mpakani.

Kitu poa ni kwamba hawakupata mtaa ukiwa umelala. Walipata vijana wenye walikuwa wanabeba taka nyumba kwa nyumba kitambo, wanalipwa ganji kidogo kila mwezi, wako na mkokoteni na wako na njia zao. Kule Koch kuna Komb Green Solutions, vijana wa hapo hapo Korogocho wenye walisafisha kingo za mto penye palikuwa jalala na maficho ya wezi, wakatengeneza People's Park. Leo watoto wanacheza hapo. Hakuna mtu wa chuo aliwafundisha. Kwa hivyo hii klabu ilifanya jambo la akili, walienda wakauliza hawa vijana wa taka wanataka nini. Jibu halikuwa semina. Ilikuwa glavu, gambuti, na mtu wa kuwaandikia barua ya kanjo kwa lugha yenye kanjo itaskia. Mwanafunzi wa sheria akaandika hiyo barua. Mwanafunzi wa biashara akawasaidia kutengeneza daftari ya hesabu. Huo ndo mchango wa chuo kwa mtaa, na hauna picha nzuri hata kidogo.

Lakini nisikudanganye ati kila mtu anaipenda hii kazi. 2024 ilikuwa mwaka mgumu wa kubonga mazingira na vijana wa Nai. Kwa ule Mswada wa Fedha kulikuwa na kitu inaitwa eco levy, ushuru wa kimazingira, yenye ilikuwa iguse simu, betri, tairi, mpaka pampasi. Kwa makaratasi sababu ilikuwa taka. Kwa ground, msee aliskia tu serikali imepata njia ingine ya kuingia mfukoni. Juni watu wakajaa barabara, wengine hawakurudi nyumbani, na mswada ukaondolewa. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, ukitaja mazingira kwa base, mtu anakuuliza, wewe umetumwa? Mresh wa Kayole aliniambia walipoteza wanachama, na hakuwalaumu. Mimi pia siwalaumu. Ukichukua jambo la maana ukalitumia kukamua watu wamesota, umelichafua kuliko ile mtaro.

Sasa tuingie kwa miti, juu hapo ndo klabu nyingi hujimaliza.

Serikali ilisema tupande miti bilioni 15 ifikapo 2032. Gawanya na Wakenya wote, inakaribia miti 300 kwa kila kichwa, na mtoto wa jana akiwemo. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo nzima ya kupanda. Wasee wengine walipanda, wengine walilala, wengine walienda Naivasha. Sina noma na hiyo namba. Noma yangu ni kalenda. Kenya mvua hunyesha Machi mpaka Mei, halafu Oktoba mpaka Desemba. Na ndani ya hizo mvua, shule hufungwa lini? Aprili, na kuanzia mwisho wa Oktoba ama mapema Novemba mpaka Januari. Cheki hiyo vizuri. Wakati udongo umelowa, mwenye angepanda yuko ushago anachunga ng'ombe ya guka. Kwa hivyo klabu inapanda mapema kabla ya kufunga, ama inapanda kwa ile siku patroni ako na nafasi. Halafu Januari na Februari, zile miezi jua haina huruma, mche umeachwa na mlinzi mwenye hakuajiriwa kumwagilia mti.

Hii mbogi ilimaliza hiyo shida kwa njia ya kiboho kabisa. Walipunguza. Badala ya mia tano walipanda hamsini kwa shule moja ya msingi ya mtaani, na kila mti ukapewa familia yenye inaishi karibu na ukuta wa shule, si mwanafunzi mwenye atafunga shule ahepe. Miti yenyewe ni ya matunda: maembe, mapera, avokado. Juu mtu atamwagilia maji kitu yenye anangoja kumanga. Mathe mmoja alinishoo avokado yake akaniambia nisiiguse, inaogopa watu. Na maji hapo si ya bure, mtungi hulipiwa. Ukiona mtu ametoa maji yenye alinunua akaimwagia mti, hiyo si uhamasishaji tena, huyo ameamini.

Na kuna ufundi wa kupanda wenye hauhitaji digrii na bado wenye digrii huukosea. Shimo ichimbwe wiki kadhaa kabla ya mvua, futi mbili kwa futi mbili kama ardhi ni ngumu. Udongo wa juu wenye ni mweusi uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine, halafu ukirudisha, ule mweusi uingie kwanza na mbolea. Toa ile karatasi nyeusi ya kitaluni, yote, polepole, mizizi isivunjike. Nimeona mche umepandwa na karatasi yake ndani, mizizi imezunguka humo mpaka ikajinyonga. Na nimeona kinyume chake: siku ya kupanda imeisha, wageni wameenda, na shamba nzima imejaa hizo karatasi nyeusi zikipeperuka. Wasee wamekuja kuokoa dunia wameacha taka ya nailoni. Okota zote, zihesabu, zilingane na miche. Halafu weka nyasi kavu juu ya udongo kuzunguka shina, isiguse shina. Mkaratusi achana nao karibu na mto, unakunywa maji sana. Kingo za mto ni za mwanzi na miti ya kienyeji.

Nje ya Jumamosi hao wasee wanaishi aje? Hapo ndo nilipenda zaidi, juu hawajifanyi watakatifu. Luku zao zinatoka Gikosh, na hiyo peke yake ni mazingira bila hotuba: jaketi moja la thao mbili limevaliwa Ulaya, limevaliwa na msee wa Umo, sasa liko kwa morio wa mwaka wa pili na bado linawaka. Wanapanda nganya yenye iko na ngoma. Mmoja anaendesha nduthi ya stima jioni kujilipia karo, anabadilisha betri kwa kituo anaendelea, na ananishoo anachobakisha kwa siku ni kingi kuliko wa petroli. Hana habari na barafu ya Mlima Kenya yenye inayeyuka, ako na habari na bei ya mafuta. Na bado anachafua hewa kidogo kuliko mi na wewe. Smocha wanakula, na ile karatasi yake wanakunja wanaweka mfukoni mpaka wapate pipa, na Nai kupata pipa ni safari. Lakini chupa kwa dirisha ya mat haitupwi. Konkodi alijaribu kuitupa siku moja akaitwa na watu wanne mara moja, "buda, hapana!" Akacheka, akairudisha chini ya kiti.

Nina malalamishi, na niliwaambia kwa uso. Kuna wasee wamejiunga juu ya cheti. Wanakuja siku ya mgeni, wanapotea siku ya mtaro, halafu kwa fomu ya kutafuta ufadhili wanajiita viongozi wa tabianchi. Kuna pia ule ugonjwa wa lugha. Wakiandika ripoti ya wafadhili wanajaza maneno makubwa mpaka mathe wa sukuma, mwenye ndiye stori yote, anageuka kuwa "jamii lengwa". Na mabango yao ya kwanza yalikuwa kwa Kizungu, Mathare! Waliyabadilisha wenyewe baadaye, wakachora ukutani na msanii wa hapo hapo, maneno ya mtaa: mtaro si pipa. Hilo bado liko. Hakuna mtu amelichora juu, na kwa ukuta wa Mathare hiyo ni heshima kubwa.

Nilimuuliza mweka hazina kama anaamini hii kitu itabadilisha chochote, na mafuta yanachimbwa kila siku huko duniani. Alifikiria kidogo. Akanishoo mvua ya mwisho ilinyesha usiku mzima na ile stage haikujaa maji. Mahali pengine palijaa, hapo hapakujaa. Hakuongeza kitu.

Kwa hivyo wewe mwenye uko chuo ama fom tri na klabu yenu imelala, usingoje mgeni wa heshima. Mvua fupi huanza Oktoba. Agosti tafuteni ukuta wa shule yenye iko na majirani wenye wanaweza kuchunga mti. Septemba chimbeni mashimo na mfukue mtaro wa karibu, na mkienda mtaani muulize kwanza kabla ya kufungua chati. Tisheti zinaweza ngoja. Nunueni gambuti.